Mstari Mfupi wa Asembo

Siku mliponikatia keki ya kuniaga pale kantini, mmoja wenu aliniomba niwaachie neno la hekima, nami nikajibu kwamba sina. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado nimeudhika, na mtu aliyeudhika akishika kisu cha keki ni heri anyamaze. Sasa niko nyumbani, kuku wangu wamenizoea, na nimepata utulivu wa kupanga maneno. Nawaandikia nyinyi mnaobaki, mnaoingia vijijini na vishikwambi begani. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Mkiona mahali nimekosea jambo la kitaalamu, sahihisheni. Mambo ya vijijini niachieni mimi.

Nilichukuliwa kazini kwa sababu mbili: nilijua njia za Rarieda, na niliweza kuendesha pikipiki kwenye udongo mweusi wakati wa mvua bila kuwaumiza watu. Kituo chetu cha utafiti kilikuwa Kisumu lakini kazi ilikuwa ufuoni mwa ziwa, kuanzia Asembo Bay hadi upande wa Bondo. Tulikuwa tukifuatilia homa za watoto wachanga. Unakwenda boma kwa boma, unampima mtoto joto, unampima uzito, unamtoboa kidole kidogo kwa ajili ya damu, unauliza amelalaje na amenyonyaje, unaandika. Kisha unarudi tena, na tena, mpaka mtoto akue, au asikue.

Aliyenifundisha ni Mama Peres, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira vilivyomzidi, na mfuko wa aproni yake ulikuwa daima na omena wakavu, wale dagaa wa ziwani. Nilidhani ni chakula chake. Kumbe walikuwa wa mbwa. Alikuwa na urafiki na kila mbwa wa Asembo, ndiyo maana hakuwahi kuumwa, nami niliyedharau omena niliumwa wiki ile ile ya kwanza.

Boma la kwanza nililoingia na kusema mwenyewe ni la bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mtama. Nilisalimia vizuri, nikakubali kiti, nikafungua fomu na kusoma swali la kwanza kama lilivyoandikwa: je, una watoto wangapi? Bibi aliacha kupepeta. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia, kisha akamgeukia Mama Peres, kana kwamba mimi sipo.

"Huyu mmemtoa wapi?" akauliza. "Mwambie hapa kwetu tunahesabu kuku. Watoto tunawaita."

Mama Peres alicheka mpaka akalazimika kushika mlango. Tulipotoka alinieleza. Mzazi wa huku hapendi kutaja idadi ya watoto wake mbele ya mgeni; anaona ni kama kuwaonyesha kwa kidole, na kilichoonyeshwa huchukuliwa. Basi usiulize wangapi. Uliza nani. Nani wako hapa nyumbani? Nani ameenda shule? Nani alitutoka? Mama atakutajia mmoja mmoja, kwa jina, wazima na marehemu, hata wale ambao swali la wangapi lisingewafikia. Wewe unahesabu kimoyomoyo, na ile namba unaiandika ukishatoka langoni.

Nimefanya kazi hiyo hivyo mpaka mwisho. Fomu zilibadilika, wakubwa walibadilika, karatasi zikawa vioo, lakini swali la kwanza lilibaki wangapi, na kila mwaka nilisimama kwenye mafunzo nikasema libadilishwe. Kila mwaka niliambiwa maoni yangu yamepokelewa. Nadhani kuna chumba mahali fulani kimejaa maoni yangu yaliyopokelewa.

Jambo la pili alilonifundisha Mama Peres ni kwamba karatasi haipelekwi matangani. Mtoto akifariki, kulikuwa na fomu ndefu ya kuuliza alikufaje, na ofisi iliitaka upesi. Sisi tulikwenda kuzika kwanza. Tulikaa na watu, tukanywa chai yao, tukarudi mikono mitupu. Tuliingia na fomu baada ya wageni kuondoka na boma kutulia. Ofisi ililalamika kuhusu kuchelewa. Mama Peres aliwajibu kwamba anayeulizwa mapema hujibu ili uondoke, na majibu ya namna hiyo wanaweza kuyatunga wenyewe Kisumu bila kupoteza petroli.

Sasa nifike kwa Mama Apiyo, kwa sababu yeye ndiye ninayetaka mmjue.

Alikuwa ameolewa karibu na ufuo wa Asembo, akitoka Sakwa, na alikuwa akinunua samaki kwa wavuvi na kuwakaanga kwa kuuza. Alijifungua mapacha wa kike. Mkiwa wa huku hamhitaji kuelezwa: wa kwanza kutoka ni Apiyo, wa pili ni Adongo. Tuliwaandikisha wote wawili, kila mmoja kadi yake na namba yake. Majina yalibaki Kisumu kabatini chini ya kufuli, kwa sababu ndivyo tulivyowaahidi wazazi, na kwenye kompyuta ziliingia namba peke yake. Utaratibu huo ni mzuri. Hata leo sina ugomvi nao.

Mapacha wale walikuwa kitu cha ajabu kupima. Ukimning'iniza Apiyo kwenye mizani, kisha Adongo, mshale unasimama pale pale. Mama Peres, ambaye alikuwa karibu kustaafu, aliibadilisha mizani mara mbili akidhani imeharibika. Joto lao lilikwenda pamoja, mafua yao yalikuja siku moja. Mama yao aliwatofautisha kwa ushanga mwekundu aliomfunga Adongo mkononi. Alikuwa mtu wa mzaha. Akituona tunaingia langoni alikuwa akisema, "Apiyo, Adongo, jitengenezeni, watu wa kilo wamekuja."

Mvua za masika zilipokuja, wote wawili walishikwa na homa usiku mmoja. Walipelekwa hospitali kwa bodaboda asubuhi, barabara ikiwa matope matupu. Apiyo alipona. Adongo alifia njiani.

Nilikwenda kuzika. Baadaye, boma lilipotulia, nilikwenda na fomu ile ndefu. Mama Apiyo alijibu kila swali bila haraka. Alikuwa na ule ushanga kwenye kidole chake, anauzungusha. Nilipomaliza aliniuliza haya yote yatasaidia nini. Nilimjibu nilivyofundishwa, na nilivyoamini: kwamba Adongo atakuwa ndani ya utafiti, kwamba watu watakaosoma watajua kuna mtoto alikufa hapa na homa gani ilimuua, na pengine mtoto wa mwingine atapona kwa sababu hiyo. Alifikiri kidogo. Akasema, "Basi asipotee huko mnakompeleka." Nikasema hatapotea.

Utafiti ule ulipoisha tulirudisha majibu, kama ilivyokuwa desturi ya kituo. Watu walikusanyika kwenye banda la samaki, kukawa na soda na mkate, chifu akazungumza kupita kiasi, na Daktari Achieng' akaeleza tulichopata. Daktari Achieng' ndiye aliyekuwa akiongoza kazi yetu ya ufuoni. Ni binti wa huku huku, amesoma mpaka mwisho, na alizungumza na wale akina mama bila kuwapandia juu. Makala yalichapishwa kwenye jarida kubwa la nje. Tulipewa fulana. Kila mtu alifurahi.

Kisha msomaji mmoja, sijui wa nchi gani, akakaa mahali akayasoma makala yetu vizuri kuliko tulivyoyasoma sisi. Akaona kwamba jedwali la homa za Asembo wakati wa masika na jedwali la homa za upande wa Bondo wakati huo huo ni kitu kimoja. Halikuwa jambo la kufanana tu. Namba kwa namba, mpaka nukta. Akaliandikia jarida: inawezekanaje watoto wa sehemu mbili waugue sawasawa hivyo?

Haikuwezekana, bila shaka. Masika ile barabara za Bondo zilikatika, na ziara za huko zikasimama kwa muda. Kulikuwa na pengo. Mtu mmoja kule kwenye hesabu, sitamtaja, na alikwisha kuondoka kabla ya haya kujulikana, alilijaza pengo kwa namba za Asembo. Labda alikusudia kuzibadilisha baadaye. Labda hakukusudia. Aliyesimamia hakuangalia, na aliyesimamia msimamizi alikuwa safarini.

Uchunguzi ulikaa muda mrefu, na taarifa yake ilisema kwamba "hitilafu ilitokea katika unakili wa data." Nimeishi miaka mingi, sijawahi kuiona hitilafu ikitoka nyumbani kwake, ikaketi mbele ya kompyuta na kunakili. Nilitafuta katika taarifa nzima neno "mimi" au hata "sisi". Halikuwemo. Makala yakaondolewa. Yapo bado huko mtandaoni, lakini kila ukurasa umepigwa neno jekundu la kuyakataa.

Mlio wageni mtashangaa habari hizo zilifikaje ufuoni. Zilifika. Mtoto wa mtu anasoma chuo Bondo, akaona, akampigia mjomba wake, na kabla ya Jumapili banda zima lilijua. Nilikwenda kununua samaki na mama muuzaji akaniinulia sangara.

"Bwana Okech, huyu nimemuuza asubuhi," akasema. "Nikuuzie tena wewe, ama hiyo ni ya watu wa utafiti peke yao?"

Wenzake walicheka mpaka mizani ikatikisika. Nami nilicheka kidogo, kwa sababu lilikuwa limesemwa vizuri. Nikalipa, nikaenda zangu.

Mwaka ule ule mke wangu Rosa alifariki. Sitaandika mengi juu ya hilo. Aliugua, nikamuuguza, akaondoka. Alikuwa akinipigia pasi shati la kazini hata siku niliyomwambia naenda kutembea matopeni. Ninachotaka mjue ni barua ya rambirambi iliyotoka ofisini. Iliandikwa vizuri, kwenye karatasi yenye nembo, ikinipa pole kwa kumpoteza baba yangu mpendwa. Aliyeandika alichukua barua ya mtu mwingine akabadilisha jina la juu peke yake. Baba yangu alikufa nikiwa shule ya msingi. Niliikunja nikaiweka. Kituo kizima kilikuwa kinachunguzwa kwa kunakili, na bado mtu alinakili, katika karatasi ya msiba. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tatizo letu si mtu mmoja aliyeondoka.

Baada ya makala kuondolewa, data zote zilisafishwa upya ili yaandikwe makala mengine, ya kweli. Kazi hiyo alipewa Kamau wa chumba cha data. Kamau ni kijana wa Kondele, mtaa wa Kisumu, wazazi wake walitoka upande wa Murang'a wakafungua duka la vifaa vya baiskeli, na Kidholuo chake ni kizuri kuliko cha wanangu. Ni mtu mwaminifu. Alipewa maagizo kutoka juu: tusionekane tena na kitu chochote kilichojirudia. Alipozisafisha, wakubwa walifurahi, makala mapya yakaandikwa haraka, na jarida jingine likayakubali. Yakawa yanangoja kuchapishwa.

Mimi nilimwendea Daktari Achieng' nikamwambia lazima turudi Asembo tukawaambie watu kwamba yale tuliyowaambia kwanza yameondolewa, na haya ndiyo mapya. Alikuwa amechoka. Uso wake ulikuwa umekonda tangu uchunguzi.

"Mzee Okech," akasema, "hakuna mtu Asembo anayesoma hilo jarida."

"Hawakusoma, Daktari. Sisi ndio tuliwaambia kwa mdomo, na soda."

Aliitisha gari la siku ya mkutano.

Walikuja wengi, wengine kwa ajili ya mzaha. Daktari Achieng' alisimama, na nitamsifu kwa hili maisha yangu yote, alisema "tulikosea" bila kuleta hitilafu yoyote ya kumsaidia. Watu wakatulia. Kisha akatundika karatasi kubwa zenye matokeo mapya, kijiji kwa kijiji, akaeleza homa, akaeleza vyandarua. Akafika kwenye kijiji kile cha karibu na ufuo, akasema kwa furaha kidogo kwamba hapa, kati ya watoto waliofuatiliwa, hakuna aliyefariki masika ile.

Mama Apiyo alikuwa amekaa kwenye beseni lililogeuzwa, upande wa wauzaji. Hakuinua mkono. Alisimama tu.

"Daktari, hapo umesema nani hakufa?"

Daktari akarudia.

"Adongo wangu alikufa," akasema Mama Apiyo. "Huyu Bwana Okech alikuja kumzika. Akarudi na karatasi, akauliza, nikamjibu. Sasa Adongo mmempeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Hata yule wa sangara aliangalia chini. Daktari Achieng' alinigeukia. Alisema atatafuta, na akaahidi kurudi. Mama Apiyo alinitazama mimi, kisha akachukua beseni lake.

Kesho yake tulikaa chumba cha data, Daktari, Kamau na mimi. Kamau alitafuta namba ya Adongo ndani ya data safi. Haikuwemo. Akafungua zile za zamani. Ilikuwemo, imepakwa rangi ya manjano, alama ya kwamba imeondolewa. Akaeleza polepole, na kadiri alivyoeleza sauti yake ilikuwa inashuka. Kompyuta iliambiwa itafute mistari inayofanana. Mistari hii miwili ilikuwa na boma moja, mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, jinsia moja, uzito ule ule, joto lile lile, ziara siku zile zile. Majina hayakuwemo, yako chini ya kufuli. Kwa kompyuta huyo ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Ikaacha mstari mmoja, ikatoa mmoja.

"Inachaguaje wa kutoa?" Daktari akauliza.

"Inaacha ule mrefu. Wenye ziara nyingi."

Mstari wa Adongo ulikuwa mfupi kwa sababu Adongo alikuwa ameacha kupimwa. Kwa kila mapacha ambapo mmoja alikufa, tulikuwa tumemtoa aliyekufa. Tulikuwa tumewasafisha. Kamau aliitafuta mistari mingine ya manjano, akaona mapacha wengine, wa kike na wa kiume, wa Asembo na wa Bondo, na kila mmoja aliyetolewa alikuwa mstari mfupi. Akasimama akaenda nje. Nilimwona kupitia dirisha amesimama karibu na tangi la maji, hafanyi kitu.

Mtadhani jambo likishaonekana wazi hivyo, hurekebishwa. Mimi pia nilidhani. Badala yake vilianza vikao. Mmoja kutoka juu alisema watoto wenyewe ni wachache, hitimisho halibadiliki. Mwingine akashauri makala yachapishwe kwanza, marekebisho yaje baadaye, kimyakimya. Wa tatu akasema, na alisema kwa wema kabisa, kwamba jina la kituo halitavumilia kuandikiwa jarida kuhusu data zilizojirudia kwa mara ya pili, hata kama safari hii kosa ni kinyume chake. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilimtaka Adongo angoje. Sijui kwa nini ukweli ndio huambiwa ungoje siku zote. Uongo haujawahi kuwekwa kwenye foleni.

Daktari Achieng' aliniita ofisini kwake. Kulikuwa na utafiti mpya unaokuja, mkubwa, na yeye ndiye aliyetegemewa kuuongoza. Alinitaka nitangulie Asembo kuzungumza na watu, kama nilivyofanya siku zote. Nilimwambia siendi.

"Umebakisha muda mfupi ustaafu, Mzee. Usiniachie hivi."

"Daktari, nikiingia langoni kwa yule mama, kitu cha kwanza nitauliza ni nani yuko hapa nyumbani. Ndivyo ninavyoanza. Atanitajia Apiyo, atanitajia Adongo. Niandike nini?"

Aliangalia mikono yake. Akasema kwamba mimi nadhani jambo hili ni rahisi kwake. Nikasema sidhani. Akasema akiliandikia jarida barua ya kukiri kosa, utafiti mpya atapewa mwingine, na huenda kituo kikafunga kazi ya ufuoni kabisa, na vijana wote, yaani nyinyi, mtarudi nyumbani. Nikamwambia hilo nalijua, na kwamba limeninyima usingizi. Nilimwaga chai iliyokuwa imepoa nikaenda kuosha kikombe.

Alikwenda Asembo peke yake, bila gari la kituo. Hilo sikuambiwa na yeye, niliambiwa na wauza samaki. Alikwenda kwa Mama Apiyo, akakubali kiti, hakutoa karatasi. Walikaa mpaka jua likapungua makali. Waliyosema sikuambiwa, nami sikuuliza. Aliporudi aliandika barua, akayaondoa makala mapya yeye mwenyewe kabla hayajachapishwa, na katika barua ile neno "mimi" lilikuwemo kwenye mstari wa kwanza. Kamau alinionyesha. Alikuwa ametia sahihi ya kwake chini ya ile ya Daktari, ingawa hakuna aliyemlazimisha.

Utafiti mpya alipewa mwingine, kama alivyosema. Kazi ya ufuoni haikufungwa, ilipunguzwa. Mjini watu walisema kituo kile kina mkosi, makala hayakai. Nilisikia mtu akisema hivyo kanisani, nikamwachia neno lake.

Data zilirudiwa kwa mara ya tatu. Safari hii Kamau alipeleka orodha ya mistari inayofanana kwa wenye funguo za kabati, na kila iliyotiliwa shaka ilirudi vijijini kwa miguu yetu, kuulizwa: nani? Ilichukua muda mrefu na ilimchosha kila mtu, mimi zaidi. Mwishowe makala yalitoka katika jarida dogo ambalo hakuna anayejivunia. Hakukuwa na fulana.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilichapisha nakala na kwenda nayo Asembo. Sikuhitaji omena, mbwa wa boma lile alikuwa mzee kama mimi. Mama Apiyo alikuwa jikoni nje, anageuza samaki kwenye mafuta. Alinipa kiti. Nilikaa, tukaulizana habari, akanipa pole ya Rosa. Alimtaja Rosa kwa jina. Kisha nikafungua karatasi kwenye jedwali la kijiji chao, nikamwonyesha pale ambapo siku ile ya mkutano alisikia sufuri. Sasa palikuwa na moja.

Aliipangusa mikono kwa leso yake kabla ya kuigusa karatasi.

"Jina lake liko wapi?"

Nikamweleza kwamba majina hayaandikwi, ni namba tu, ndivyo tulivyoahidi.

"Hii moja," akasema, "ni yeye? Si mtoto wa mtu mwingine?"

"Ni yeye."

Aliweka kidole pale. Ule ushanga mwekundu bado ulikuwa kwenye kidole hicho, umetungwa kwa uzi mpya. Alikaa hivyo mpaka samaki wakaanza kuungua upande mmoja, nikainuka nikawageuza mimi. Kisha akageuza uso kuelekea shambani, akaita kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kuitikiwa:

"Apiyo, kuja. Kuja uone Adongo."